Winga wa Kulia Aliyezikwa na Jezi

Paso Ceibo, 7 Agosti 1989

Kwa Binti Ofelia Burgueño
Ofisi ya Kumbukumbu za Mpira, Montevideo

Binti yangu,

Una bahati leo, maana anayekuandikia ndiye aliyewanyamazisha Wabrazili laki mbili nyumbani kwao mwaka 1950. Wanaume wazima walilia kama watoto. Refa mwenyewe alitaka kunibusu.

Haya, si kweli. Siku hiyo nilikuwa jikoni kwangu hapa Paso Ceibo, nimelikumbatia redio la betri, na aliyelia ni mimi. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa huko huko Brazil na jezi ya samawati ya Uruguay mgongoni, na hilo naliapia. Ulikuwa mwaka wa mgomo. Wachezaji wa kulipwa walikaa majumbani wakidai haki zao, na wakubwa wa mpira wakatuokota sisi wa ridhaa, vijana wa mikoani tuliokuwa tukipakia marobota ya sufu stesheni siku sita na kucheza siku ya saba. Wabrazili walitufunga tano. Mimi niligusa mpira mara kumi na nne, na mara mbili kati ya hizo beki wao alianguka. Mara moja aliteleza mwenyewe, lakini ya pili ilikuwa yangu.

Gazeti linasema mnaandika kitabu cha wote waliowahi kuvaa samawati, na kwamba tarehe 28 Oktoba, saa tisa alasiri, tulio hai tutaingia uwanjani tukiitwa mmoja mmoja kwa kipaza sauti. Nataka kuitwa. Sitaki soda, sitaki nishani, sitaki kupeana mkono na waziri. Hapa kwetu kila aliye chini ya miaka hamsini husema nyuma ya mgongo wangu kwamba jezi niliinunua kwa mchuuzi. Nataka wasikie jina langu redioni, kisha nirudi nife kwa raha zangu.

Jina ni Olegario Techera, winga wa kulia. Wananiita Tero, kama yule ndege wa mashambani kwetu anayepiga kelele mbali na alikotaga mayai. Sijui walikuwa na maana gani.

Wako,
Tero

*

Montevideo, 18 Agosti 1989

Ndugu Techera,

Tumepokea barua yako. Mchezaji O. Techera, winga wa kulia, yumo katika orodha ya timu ya mwaka 1949. Hata hivyo, kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba alifariki Februari 1950 na akazikwa na jezi yake.

Tunaipa familia pole, ingawa imechelewa. Ikiwa wewe ni jamaa wa marehemu mwenye jina kama lake, unakaribishwa kuketi jukwaani tarehe 28. Marehemu wote watakumbukwa kwa dakika moja ya kimya.

Ofelia Burgueño
Karani wa Kumbukumbu

*

Paso Ceibo, 24 Agosti 1989

Binti Ofelia,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa hai.

Tangu mnizike nimeoa, nimefiwa na mke, nimeng'oka meno kumi na tisa, na nimepiga kura kila tuliporuhusiwa kupiga kura. Jana mvua ilinyesha, nikakaanga maandazi ya mvua kama kila Mkristo wa nchi hii, nikala manane. Marehemu gani anakula maandazi manane?

Nilikwenda kwa hakimu wetu, nikamwambia, "Mheshimiwa, niandikie kwamba niko hai." Akaniuliza, "Nani anakataa, Tero?" Nikamwambia, "Montevideo." Akasema, "Ah, hao." Akacheka mpaka kibuyu chake cha chai ya yerba kikapinduka juu ya hati, ndiyo maana ina doa. Lakini mhuri unaonekana.

Na hiyo dakika ya kimya mpeni mwingine. Katika maisha yangu sijawahi kukaa kimya dakika nzima, sitaanza kwenye mazishi yangu.

Nani aliwaambia nimekufa?

Tero, aliye hai

*

Montevideo, 2 Septemba 1989

Don Olegario,

Hati ya hakimu imefika. Inathibitisha kwamba mtu aitwaye Olegario Techera yu hai Paso Ceibo. Haithibitishi kwamba ndiye yule aliyezikwa. Najua inavyosikika. Mkuu wangu ni mtu wa kanuni, na kanuni inasema taarifa ya kifo iliyomo jaladani hutenguliwa na yule aliyeitoa, kwa maandishi na kwa sahihi yake, kabla ya tarehe 20 Oktoba.

Nakunakilia telegramu kama ilivyo:

TECHERA AMEFARIKI. AMEZIKWA NA JEZI. D. LARROSA, POSTA PASO CEIBO.

Je, huyo D. Larrosa naye yu hai?

Ofelia Burgueño

*

Paso Ceibo, 6 Septemba 1989

Dionisio,

Yu hai! Nimemwambia Binti wa ofisi ya mpira kwamba yu hai, wazee kama wewe hawafi, wanalala tu.

Shemeji, ni miaka mingi sijakuandikia. Sikukuandikia ulipomchukua dada yangu Delia mkahamia Montevideo mwaka 1961. Delia alipofariki nilituma shada la maua bila kadi, na ulijua ni la nani maana hukunishukuru. Nilikuwa na sababu moja tu na mji mzima unaijua: Februari 1950, wakati timu ya kwenda Kombe la Dunia ikikusanywa, telegramu yangu iliingia kwenye mashine yako saa ya siesta, mji mzima umelala usingizi wa mchana. Ungeweza kuvuka barabara ukagonga. Badala yake ukalala na karatasi kifuani, upepo ukaichukua, na Uruguay ikachukua kombe bila mimi. Hivyo ndivyo ulivyosema mwenyewe, klabuni, mbele ya watu wote.

Hilo nililimeza. Lakini leo naambiwa kwamba ulipoamka uliniua! Ukawaandikia kwamba nimekufa! Ulikuwa na nini na mimi, wewe kiguu cha posta? Nilikupa dada yangu. Nilikupa hadi baiskeli.

Sasa sikiliza. Chukua kalamu, andika kwa ofisi ya Binti Ofelia Burgueño kwamba Techera yu hai. Maneno matatu. Ulizoea kuandika mafupi. Wanataka kabla ya tarehe 20 Oktoba, la sivyo tarehe 28 watu watanisimamia kimya huku nimekaa jukwaani nikila karanga.

Olegario

*

Montevideo, 14 Septemba 1989

Shemeji,

Barua yako ilifika Jumanne. Binti yangu aliniuliza ni ya nani, nikamwambia ni ya mjomba wake. Akaniuliza, "Yule anayekuita Siesta?" Kwa hiyo unajulikana hapa nyumbani.

Kiapo cha mpokeaji telegramu kilinikataza kusema nilichosikia kwenye waya. Nimestaafu, na waya wenyewe umekatwa, kwa hiyo leo nasema. Telegramu yako haikuwa ya kukuita. Niliinukuu kwa mkono wangu na naikumbuka hadi leo:

RUDISHA JEZI NA NJUMU KABLA YA TAREHE KUMI NA TANO. JEZI NI MALI YA OFISI.

Ni hiyo tu, Tero. Hakukuwa na timu wala Brazil.

Nilivuka barabara. Kila mara ulisema sikuvuka. Nilivuka na jua lote lile, barabara haina hata mbwa, nikasimama dirishani kwenu. Ulikuwa umelala uani, mdomo wazi, umeivaa hiyo jezi. Tangu Aprili ulikuwa ukiivaa kila siesta. Mama yako alitokea na kidole mdomoni, kama kawaida ya kwetu, mtu akilala siesta hata Papa wa Roma atasubiri. Nikarudi na karatasi mfukoni. Nikajiambia nitampa jioni. Jioni ulikuwa klabuni unawaambia watu kwamba mkufunzi alikushika bega uwanja wa ndege akasema tutaonana. Sikuweza.

Siku ya tatu walituma nyingine: JIBU. Nikafikiri, nani atamdai maiti jezi? Nikajibu nilivyojibu. Nilidhani ni jambo dogo litakaloishia kwenye waya.

Halafu karani wa stesheni akaropoka kwamba kulikuwa na telegramu yako kutoka Montevideo. Mkanizunguka klabuni, na wewe mbele yao, macho yanang'aa. Ningesema nini? Nikasema nililala. Tangu siku ile sikuwahi kupita barabarani bila mtu kukoroma nyuma yangu. Delia alikuwa hawezi kununua mkate. Mwokaji alikuwa anafumba macho na kuegemea kaunta. Miaka kumi na moja, shemeji. Mimi sijawahi kulala kazini hata siku moja, na Delia alikufa akiwa mke wa Siesta.

Nitaiandika barua yako. Lakini kwanza wewe andika yako, kwa mkono wako, uibandike kwenye ubao wa klabu siku ya nyama choma, watu wakiwapo: kwamba Dionisio Larrosa hakulala, na telegramu ilisema nini. Bila hivyo, endelea kuwa marehemu.

Dionisio

*

Paso Ceibo, 17 Septemba 1989

Dionisio,

Unanitania.

Unajua mimi ni nani hapa? Mimi ni bingwa wa dunia aliyekosa ubingwa kwa sababu ya siesta. Watoto wa shule wanaletwa kuniona! Mwalimu anawaambia, "Huyu hapa ndiye," nami nawaonyesha goti. Unataka nisimame pale ubaoni niseme mimi ni mzee aliyedaiwa jezi?

Na siamini. Umeitunga. Miaka yote hii ulikuwa ukitafuta neno la kunikata miguu, umelipata. Kama ilikuwa kweli, kwa nini hukunipa? Ningeirudisha! Ningeifua, ningeikunja, ningeirudisha!

Sitaandika kitu. Nitapata njia nyingine.

Olegario

*

Montevideo, 27 Septemba 1989

Don Olegario,

Tumepokea barua iliyotiwa sahihi "D. Larrosa, aliyekuwa bwana posta", inayosema kwamba Techera yu hai na "alikuwa winga bora kuliko wote niliowahi kuwaona, tena mwenye sura nzuri".

Naomba nikuandikie kama Ofelia, si kama karani. Bahasha ina mhuri wa Paso Ceibo, na Bwana Larrosa, nilivyoulizia, anakaa hapa Montevideo. Mwandiko ni wako. Doa la yerba nalo ni la familia moja na lile la hakimu. Mkuu hajaiona. Nimeificha kwenye droo yangu, na nakusihi usitume nyingine.

Nilipokuwa nikitafuta kitu cha kukusaidia, nilifungua daftari la mkufunzi la mwaka 1951. Kuna ukurasa wa wachezaji wa mikoani. Jina lako ni la tatu. Pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi: "Winga wa kulia wa kwenye mgomo. Ana kasi. Aitwe." Kisha kwa wino mwekundu, kwa mkono wa mtu mwingine: "Marehemu."

Nilidhani ungependa kujua kwamba walikukumbuka. Sasa nimekwisha andika ndipo naona sina hakika kama nimekutendea wema.

Ofelia

*

Paso Ceibo, 2 Oktoba 1989

Binti Ofelia,

Barua yako ilifika Ijumaa kabla ya siesta. Siku hiyo sikulala. Nimelala siesta kila siku tangu nizaliwe, hata siku tuliyomzika mama, lakini Ijumaa nilikaa uani kwenye kiti, jua likanipiga mpaka jirani akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Naumwa 1951." Akaenda zake.

Kwa hiyo niliitwa, nikaitwa kwa haki, mgomo umekwisha, wakubwa wote wamerudi kazini, na bado mtu aliandika: aitwe. Na yule mjinga kwa kutaka nisione aibu alinifukia mita mbili chini. Nilimtukana peke yangu mpaka kuku wakahama. Nilichukua kalamu nimwandikie: unajua ulichofanya, Dionisio? Nikaandika kurasa mbili, binti yangu, na nilikuwa na maneno mazuri sana.

Halafu nikaona jinsi atakavyozisoma. Mtu wa miaka sabini na moja, mjane, kwenye chumba cha nyuma kwa binti yake. Alinificha mstari mmoja wa telegramu, akakoromewa miaka kumi na moja kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyekuwa naanza kukoroma, wewe hujui. Nilikuwa nakoroma vizuri kuliko wote.

Zile kurasa mbili nimewashia jiko.

Naomba jambo moja. Akija ofisini kwako, usimwonyeshe hilo daftari. Hata akikuomba. Mwambie panya wamelila.

Tero

*

Montevideo, 12 Oktoba 1989

Don Olegario,

Bwana Dionisio Larrosa alikuja leo asubuhi, amevaa tai. Alikuwa na karatasi uliyoibandika klabuni, ile nakala uliyompelekea, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa koti. Alinisomea yote amesimama. Alipofika pale ulipoandika "na anayetaka kukoroma akorome mbele yangu, nina fimbo", ilibidi nimpe maji.

Kisha akaomba kalamu, akaandika kwa herufi kubwa:

TECHERA YU HAI. KOSA LANGU. LARROSA.

Mkuu ametia sahihi. Utaitwa wa nane.

Alipokuwa akiondoka aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama baada ya 1950 kuliwahi kuwa na mtu aliyekutafuta. Nikamwambia daftari la 1951 liko kwa fundi wa kujalidi, na kwamba kwa ninavyokumbuka halina jina lako. Akashusha pumzi, akasema, "Afadhali."

Sijawahi kudanganya katika ofisi hii. Usinizoeze.

Ofelia

*

Paso Ceibo, 16 Oktoba 1989

Shemeji,

Umeniandikia maneno matano na mimi ubao mzima. Kila mara ulikuwa bahili wa herufi.

Naona nikueleze ilivyokuwa, kabla hujasikia kwa wengine. Jumapili ya tarehe 8, nyama ikiwa bado motoni, nikaibandika karatasi kwa misumari minne. Walidhani ni tangazo la bahati nasibu. Kisha mmoja akaanza kusoma kwa sauti, wengine wakasogea na visu mkononi, na mafuta yakawa yanadondokea makaa, tss, tss, ndiyo sauti nyingine pekee. Akamaliza. Yule mwokaji wako, sasa haoni vizuri, akauliza, "Ina maana hakulala?" Nikamwambia, "Hakulala." Akauliza, "Hata kidogo?" Nikamwambia, "Mzee, huyu mtu hajalala tangu 1950." Akaweka sahani chini. Akasema nimwambie Delia, kisha akakumbuka kwamba Delia hayupo, akaenda kusimama karibu na ukuta.

Mimi sasa si bingwa tena. Mwalimu hajaleta watoto tangu siku hiyo. Jana mmoja wao alikuja peke yake akaniuliza kama ni kweli nilidaiwa jezi. Nikamwambia ni kweli, na bado ninayo, na Montevideo waje waichukue. Akaniomba aiguse. Akasema inanuka. Nadhani huyo ndiye wa kwanza kuniamini.

Nasikia ulimuuliza Binti Ofelia kama kuna aliyewahi kunitafuta baada ya telegramu yako ya mazishi. Ondoa hilo kichwani. Nilikuwa na mguu wa kulia tu. Krosi zangu zilikuwa zinaua njiwa. Mgomo ulipokwisha, hakuna mkufunzi mwenye akili timamu ambaye angeniita tena, na hakuna aliyewahi kuniita, kama Binti Ofelia alivyokuambia. Ulichoua ni jina tu kwenye orodha. Hapa nyumbani nilikuwa nakula vizuri.

Nitafika kwa basi la Ijumaa tarehe 27. Hoteli waliyotupa ina ngazi, kwa hiyo nitalala kwako, mwambie binti yako aandae godoro na asitegemee kusikia mabaya ya baba yake. Asubuhi tutakwenda kwa Delia. Nataka nimpe shada lenye kadi.

Halafu kuna hili. Mwaka 1943 ulipokuwa unamchumbia dada yangu, nilikusimamia mlangoni siesta nzima, jua la Januari, ili mama akiamka nipige mluzi. Siesta tisa, Dionisio. Ngozi ya pua ilinibanduka. Ulisema, "Tero, hili nitakulipa," na hujalipa.

Sasa nilipe. Uwanjani ni saa tisa. Nitakula mchana kwako, na unanijua, nikila nitajilaza na nitakuwa nimeivaa jezi. Saa nane, njoo ugonge mlango. Binti yako akitokea na kidole mdomoni kama mama, gonga tena. Hata nikikutukana, gonga.

Shemeji yako,
Olegario